IMF haiandiki bajeti yetu

Kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, vijiwe vya kahawa hapa Ujiji hurudia dai lilelile: bajeti huandikwa na IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, Bunge linagonga muhuri tu. Dai hilo huwaponya mbunge na Wizara ya Fedha maswali yanayowahusu.

Kwa nchi isiyoikopa, IMF hushauri tu. Nguvu yake huja hazina ikikauka: mkopo hutolewa kwa awamu, na kila awamu hufuata masharti yaliyokubaliwa, kama kupunguza nakisi, yaani pengo la matumizi kuzidi mapato. Nyerere aliyakataa mwaka 1979. Mwaka 1986, uchumi ukiwa taabani, serikali ya Mwinyi ikakubali. Masharti yalibana kweli, na watu waliumia. Lakini hata mkopaji ana sauti: Juni 2024 Rais Ruto wa Kenya aliukataa muswada wa fedha baada ya maandamano, nchi ikiwa ndani ya mpango wa IMF.

Ulaya nako, Ujerumani na Ufaransa zilivuka kikomo cha nakisi cha Umoja wa Ulaya, asilimia 3 ya pato la taifa, na mwaka 2003 hatua dhidi yao zikasitishwa. Lakini Ugiriki, iliyohitaji mkopo wa kuokolewa mwaka 2010, ilibanwa hadi kwenye pensheni.

Afrika Mashariki tuna kikomo hichohicho cha asilimia 3, kwenye itifaki ya umoja wa fedha ya 2013, makubaliano ya kuelekea sarafu moja. Waliosaini ni marais wetu wenyewe.