Mshale Uchomolewe Kwanza: Maswali na Majibu Kuhusu Mateso ya Nafsi

Saikolojia ya Kibudha ni nini?
Ni uchunguzi wa namna nafsi inavyojiongezea mateso, uliotokana na mafundisho ya Buddha, mwalimu wa kale wa India aliyeanzisha dini ya Ubudha.

Mwislamu au Mkristo anaweza kunufaika nayo?
Ndiyo. Zoezi la kutulia na kufuatilia pumzi linaweza kufanywa bila ibada yoyote. Mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliliingiza hospitalini huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu.

Mshale wa pili ni upi?
Buddha alifananisha mateso na mishale miwili. Wa kwanza ni msiba wenyewe: kufiwa, talaka, kufutwa kazi. Wa pili tunajichoma wenyewe, kwa kuurudia usiku kucha ule wimbo wa "ningalijua". Wazo hilo likija, litambue kuwa ni la kujilaumu, kisha rudi kwenye pumzi bila kulifukuza wala kulifuata.

Basi nijikaze tu. Si subira huvuta heri?
Hapana. Kujikaza si subira. Mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, alinimwagia mezani pakiti saba za dawa za vidonda vya tumbo alizonunua dukani kwa miezi mitano, huku akisokota pindo la leso yake mpaka nyuzi zikafumuka. Tumbo lilikuwa zima. Asichokuwa nacho ni usingizi, tangu mumewe alipofariki. Huzuni ikikuandama karibu kila siku kwa wiki mbili, na usingizi au hamu ya chakula ikapotea, njoo kliniki. Wiki mbili, si miezi mitano.

Kwanza sharti nijue ni nani aliyenifanyia.
Buddha alisimulia habari za mtu aliyepigwa mshale wa sumu, akakataa usichomolewe mpaka aambiwe aliyeupiga ni nani, ni wa ukoo gani, na upinde wake ni wa aina gani. Mtu huyo angekufa kabla ya kujibiwa. Nami nawapokea wengi waliozungushwa kwa waganga mwaka mzima wakitafuta jina la jirani, na hufika wamekonda, wamekopa, na bado wana mshale mwilini. Utachomolewa kwanza, maswali yatangoja.

Nikianza kutafakari, niache dawa?
Usiache hata kidonge kimoja bila kuzungumza na daktari wako.

Nikikiri kuwa nawaza kujiua, sitakamatwa?
Kuwaza hakujawahi kuwa kosa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilichoadhibu kujaribu kujiua kinakiuka katiba. Njoo leo, hata usiku, pamoja na mtu unayemwamini.