Mbona wao washuke kwa gari na sisi tukatazwe?

Likizo ya Agosti ikifika huku Laikipia simu za ofisi ya konzavansi yetu, yaani hifadhi ya wanyamapori isiyo ya serikali, hazipumziki, na safari hii malalamiko karibu yote ni ya aina moja. Familia imekuja na gari yake, imelipa geti, halafu huko ndani inakuta watu wanatembea kwa miguu na renja, na jioni wakiambiwa watoke wanaona gari ingine ndio kwanza inaingia porini na taa. Wanaenda mitandaoni kuandika ati konzavansi za kibinafsi zinabagua, mzungu anaruhusiwa na Mkenya anakatazwa. Si hivyo, na wacha nieleze polepole kwa sababu najua wengi wenu mnauliza kwa nia nzuri.

Yule unayemwona akitembea amebuki matembezi. Na wewe unaweza kubuki, kitambulisho chako cha Kenya kinakupa hata bei ya chini kuliko ya mgeni. Tofauti yenu ni yule renja aliye mbele na bunduki ambayo anaomba Mungu asiitumie. Kabla hawajapiga hatua ameshika vumbi akaliachilia aone upepo unaelekea wapi, anajua asubuhi ndovu walikuwa upande gani wa mto, na kikundi ni kidogo, kinafuatana mmoja nyuma ya mwingine bila kelele. Watoto wadogo hatuchukui, hata mzazi akilia.

Sasa gari. Wanyama wetu wamezoea magari, kwao gari ni kitu kimoja kikubwa kinachopita na hakina shida nao. Ukifungua mlango ukasimama pembeni hilo umbo limevunjika, wewe sasa ni mtu, na mtu ndiye amewawinda tangu zamani. Kuna baba mmoja alishuka ili mtoto akojoe nyuma ya gari, karibu na kichaka cha leleshwa, na hatua kama thelathini hivi kutoka hapo kulikuwa na kifaru mweusi. Hakumwona kabisa. Kifaru mweusi anakula majani na vijiti vya vichaka, kwa hivyo anaishi humo humo ndani, si kama mweupe anayekula nyasi na unamwona tu uwanjani. Macho yake ni hafifu lakini pua na masikio ni makali sana, na akishtuka mara nyingi anakuja kule kule sauti imetoka, mbio inayoweza kufika kilomita 50 kwa saa. Siku ile upepo ulitusaidia. Mimi nilikaa na hiyo picha kichwani wiki nzima.

Ziara za usiku ni vile vile. Kwenye mbuga za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, jioni ikifika magari yanatakiwa yawe yametoka ama yamefika kempu, lakini konzavansi inaweza kuruhusu usiku ikiwa dereva ni wake, anajua barabara zake, na tochi ina kioo chekundu kisichowaumiza wanyama macho. Huo ndio wakati wa kuona wanyama wa usiku kama muhanga, kamendegere, kanu, fisi akiwa kazini. Ni vitu vizuri sana na natamani watoto wengi wa Nanyuki na Nyeri wavione, lakini si kwa taa za full za gari yenu.

Kitu kingine, na hapa mnivumilie. Konzavansi kuwa ya kibinafsi haimaanishi wanyama ni wa mwenye shamba. Ardhi inaweza kuwa ya kampuni, ya familia ama ya jamii, lakini mnyama wa porini hamilikiwi na mwenye uzio, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inafanya kazi ndani ya uzio kama nje. Bado napigiwa simu na watu wanaouliza bei ya kupiga nyati, ati wamesikia Afrika Kusini inawezekana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977. Hakuna bei. Na kwa wanyama walio hatarini kama kifaru, hiyo sheria ilipotoka iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 ama kifungo cha maisha, ama vyote viwili. Ndio maana tunawaomba mzime lokesheni ya simu kabla ya kuposti kifaru. Jangili naye ako na simu.

Wale mnaoenda kwa majirani zetu, konzavansi ya Ol Pejeta, kuwaona Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili tu waliobaki duniani tangu dume wa mwisho aliyeitwa Sudan afe Machi 2018, mfuate ratiba ya pale. Na sokwe mtu wa kituo cha Sweetwaters, humo humo Ol Pejeta, msiwatupie chakula. Sokwe si wa pori la Kenya, kituo kilifunguliwa 1993 kupokea waliotolewa Burundi wakati wa vita, na mafua yako ya kawaida yanaweza kuwaua.

Kuhusu adhabu, utaratibu wetu ni huu. Renja akikukuta umeshuka, umetoka barabarani, umepita spidi ya 40 ama umerusha droni, anaandika namba ya gari, namba ya tiketi, saa na mahali, na anakuonya mara moja. Ukirudia unasindikizwa hadi geti, kiingilio hakirudishwi, jina linaingia kwenye rejista na geti zingine zinaarifiwa. Ukijeruhi mnyama hilo si letu tena, tunaita KWS na polisi, na gari inabaki hapo mpaka wamalize. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, ilipigwa marufuku nchi nzima Agosti 2017 na faini inafika milioni 4. Renja hana ruhusa ya kupokea pesa yoyote mkononi, akikuomba piga ofisi.

Na gari ikikwama kwenye matope, msishuke kusukuma. Wekeni hazadi, pigeni namba iliyo nyuma ya tiketi, mtaje nguzo ya mwisho mliyopita, mbaki ndani hata kama ni saa nzima. Tunakuja na trekta, na hatulipishi.