"Hakuna binadamu mkamilifu": kweli, halafu?

Mweka hazina wa kikoba pale Chang'ombe, Dodoma, anaulizwa laki tatu za wanachama ziko wapi. Anakohoa kidogo, anafunga daftari, anasema: "Jamani, hakuna binadamu mkamilifu." Nusu ya kikao wanaitikia kwa vichwa. Sentensi ni ya kweli na hela hazijarudi.

Dhana: kwa kuwa hakuna mkamilifu, hakuna wa kumhukumu mwenzake

Hapana. Anayeuliza hesabu hadai malaika. Anadai jambo ambalo watu wa kawaida hulifanya kila wiki: kuandika kilichoingia na kuonesha kilichobaki. Binadamu wote wana kasoro, sawa, lakini aliyechelewa kufunga mahesabu na aliyekula hela hawajawa kitu kimoja kwa sababu hiyo.

Dhana: ukamilifu una kipimo kimoja

Kamili kwa lipi? Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alianzia hapo: ubora wa kitu huangaliwa kwa kazi yake. Wakulima wa zabibu wa Makutupora wanalijua hilo bila kumsoma. Mnunuzi wa mvinyo anaminya punje, anadondosha tone kwenye kipimo cha sukari na kusoma namba. Ngozi yenye madoa haimsumbui sana. Muuzaji wa soko la Majengo anataka kichala cha kuvutia macho, punje zisiwe zimepasuka. Mzigo uleule unasifiwa huku, unakataliwa kule.

Kwa binadamu ndipo pagumu, maana kazi yake yenyewe inabishaniwa. Aristotle alijibu kwamba ni kuishi kwa akili na wema, tena maisha yote, si siku moja nzuri. Jibu la kwanza watu wanalipinga hadi leo. Hilo la maisha yote mimi nalikubali bila shida.

Dhana: alama za juu kabisa ndiyo ukamilifu

Olimpiki ya Montreal, 1976: Nadia Comaneci wa Romania, miaka 14, alipewa 10 katika jimnastiki, alama ya juu kabisa, na ubao wa matokeo ukaandika 1.00 kwa sababu haukuandaliwa kwa namba hiyo. Mwaka 2006 mfumo wa kuishia 10 ukaachwa, ugumu wa mchezo ukapewa alama zake, mbali na zile za namna ulivyochezwa. Alama kamili, basi, ni mwisho wa kipimo tu, na kipimo hubadilishwa.

Dhana: mtakatifu ni mtu asiyekosea

John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti na kuandika kitabu kuhusu ukamilifu wa Kikristo mwaka 1766, aliamini unawezekana hapa duniani, ila aliuona katika upendo. Mtu wa namna hiyo bado anaweza kupotoka kwa kutojua.

Wakatoliki nao hawatafuti asiye na kosa. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa Julius Nyerere kutangazwa mtakatifu. Kinachochunguzwa ni kama aliishi fadhila, yaani imani, matumaini, mapendo, haki na nyinginezo, kwa kiwango cha kishujaa. Mtu anaweza kufaulu katika zote na bado sera zake zikawa na lawama. Huku Ugogo kuna wazee waliohamishiwa vijiji vya ujamaa katika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wana yao ya kusema. Utaratibu wa Kanisa unataka hata mashahidi wenye maoni ya kumpinga wasikilizwe.