AI ya kutabiri kisukari cha mimba ni kitu gani hasa?

Watu wakisikia AI (akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutoka kwenye data) inagundua kisukari kwa wajawazito wanadhani kuna mashine inamwangalia mama inasema wewe una sukari. Hapana, yenyewe haigusi damu, inakadiria tu nani yuko kwenye hatari kubwa ya kukipata kabla hakijajitokeza.

Kisukari cha mimba kinakuja hivi, homoni za kondo la nyuma zinaifanya insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inatengenezwa na kongosho) isifanye kazi sawasawa, kongosho likishindwa kufidia basi sukari inapanda. Kawaida kinapimwa wiki ya 24 hadi 28, unaenda asubuhi hujala kitu tangu usiku, unatolewa damu, unapewa gramu 75 za glukosi kwenye maji unywe zote (wengi wanasikia kichefuchefu kweli), halafu unakaa kwenye benchi unatolewa tena damu baada ya saa moja na baada ya masaa mawili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya 2013, sukari ikifika 5.1 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu) kabla ya kunywa, au 10.0 saa moja baadaye, au 8.5 masaa mawili baadaye, hata moja tu kati ya hizo inatosha kusema unacho. Sasa wiki ya 24 ni karibu miezi sita, muda wa kurekebisha msosi na kufanya mazoezi umeshaliwa sana, na hapo ndo AI inapoingia.

Mfano mzuri ni wa Israeli, utafiti uliotoka 2020 kwenye jarida la Nature Medicine. Kompyuta ilipewa rekodi za mimba 588,622, vitu kama umri, uzito, majibu ya damu ya zamani, ikajifunza yenyewe wanaokuja kuugua wanafananaje. Ikawa inabashiri tangu mimba inaanza kwa alama 0.85, yaani ukichukua mama aliyekuja kuugua na mwingine ambaye hakuugua, mara 85 kwa 100 inampa wa kwanza hatari kubwa zaidi. Kati ya vilivyosaidia sana ni majibu ya kipimo cha sukari cha mimba iliyopita.

Ila kinachonipa moyo mimi ni kwamba walitengeneza na toleo dogo la maswali 9 tu ambayo mama anajibu mwenyewe, likapata 0.80. Kwetu ambako kliniki nyingi historia yako iko kwenye kadi ya karatasi, hilo la maswali ndo lenye nafasi, japo lazima lijaribiwe upya kwa wanawake wa huku kwa sababu limejifunza kwa watu wengine kabisa.

Na ukiambiwa hatari yako ni kubwa haimaanishi unaumwa, ni kwamba upimwe mapema, na hata majibu ya mapema yakiwa safi wiki ya 24 unarudi kunywa ile glukosi.