Je, wajua kwa nini Waitaliano walihamia Malindi?

Italia haijawahi kuitawala Kenya. Makoloni yake upande huu wa Afrika yalikuwa Eritrea na Somalia, nayo iliikalia Uhabeshi miaka mitano tu, 1936 hadi 1941. Lakini fika Malindi, kilomita 120 hivi kaskazini mwa Mombasa, na kijana anayeuza vinyago ufuoni atakuanza kwa Kiitaliano akiona tu weupe wa ngozi yako. Mikahawa inapika tambi na kutengeneza aiskrimu kwa mtindo wa kwao. Kwenye mageti ya nyumba za makuti kuna vibao vya "Vendesi", maana yake inauzwa, vikimlenga mnunuzi ambaye Kiingereza hakimhusu. Watu waliozaliwa Milano, Torino na Roma wameacha miji yao mikubwa wakaja kuzeekea katikati ya Wagiriama na Waswahili.

Pwani ya Kenya ni ndefu, kuanzia Kiunga hadi Vanga. Kwa nini wachague hapa?

Wengi hujibu haraka: bahari nzuri. Mimi naona jibu hilo halisimami. Mto unaokusanya maji ya Nairobi ni Athi. Unashuka Ukambani, ukipita Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia Pwani unakuwa Sabaki, ambao unamwaga baharini kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Unakuja na udongo wa mashamba ya bara. Upepo wa kaskazi ukivuma, na huo ndio msimu wenyewe wa watalii, maji hayo husukumwa kusini mpaka ghuba ya Malindi, na bahari ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa kusi yanasukumwa upande wa pili. Kwa miaka mingi tope na mchanga vimejaza ufuo, kiasi kwamba hoteli zilizojengwa karibu na maji zimejikuta mbali nayo. Anayetafuta mchanga mweupe na maji ya buluu angeshuka Diani, au angalau Watamu, ambako Waitaliano wengi walikuja kuhamia baadaye.

Jibu la pili husikika vijiweni: ni mabaki ya wafungwa wa vita. Ni kweli kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walileta Kenya maelfu ya wafungwa wa Kiitaliano, na kikanisa walichojenga mwaka 1942 kando ya barabara ya Mai Mahiu bado kipo. Lakini kambi zao kubwa zilikuwa bara, kama Nanyuki, Gilgil na Naivasha, na vita vilipokwisha karibu wote walirudishwa kwao. Malindi haimo katika hadithi hiyo.

Kilichowaleta ni roketi.

Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na NASA ya Marekani kushirikiana katika mradi wa anga ulioitwa San Marco. Aliyeusukuma mradi huo ni Luigi Broglio, profesa wa uhandisi katika chuo kikuu cha Roma na afisa wa jeshi la anga. Alitaka mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta, na sababu yake ni hesabu. Dunia ikijizungusha, ardhi ya ikweta inakwenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roma, iliyo mbali kaskazini, inakwenda kama 1,240 tu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki inaondoka na kasi ya ardhi iliyosimama juu yake, bila kuilipia kwa mafuta. Zaidi ya hapo, Broglio alitaka satelaiti zizunguke juu ya ikweta yenyewe ili zipime hewa ya tabaka za juu, na ukirushia mbali na ikweta itakubidi uipinde njia ya satelaiti ikiwa tayari angani, kazi inayokula mafuta mengi mno. Halafu kuna jambo ambalo mvuvi yeyote angemweleza: mashariki mwa Ngomeni hakuna kitu ila Bahari ya Hindi, kwa hiyo vipande vya roketi vikianguka havimwangukii mtu.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi, karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Roketi zenyewe hazikurushwa kutoka nchi kavu. Majukwaa ya chuma yalisimamishwa majini katika Ghuba ya Ungwana, na mojawapo lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta lililogeuzwa kazi. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya Kimarekani aina ya Scout ikaipeleka angani San Marco 2. Hadi mwaka 1988 zilikuwa zimeondoka hapo satelaiti 9, za Italia, za Marekani na moja ya Uingereza. Iliyotia fora iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, na kwa ajili ya siku hiyo na wenyeji wake ikapewa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na vipimo vyake viliwasaidia wanasayansi kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho leo tunakijua kuwa ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Watoto wetu wanakariri mwaka aliofika Vasco da Gama, 1498, na hili la Uhuru hawafundishwi. Kwa taarifa yako, satelaiti ya Kenya ya uchunguzi wa dunia, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023 kutoka California. Kituo cha Ngomeni siku hizi kinafuatilia tu satelaiti zinazopita juu.

Sasa roketi na nyumba za wastaafu zinakutana wapi? Mradi kama ule ulihitaji wahandisi, mafundi wa umeme, wapishi na mabaharia, waliokuja kwa zamu na kukaa miezi. Kazi ilikuwa Ngomeni. Mji wa karibu wa kununua nyama, kutuma barua na kunywa kitu jioni ulikuwa Malindi. Mgeni wa kwanza katika mji hupata taabu kwa kila jambo. Mgeni wa ishirini anakuta muuza samaki anayejua kuhesabu kwa lugha yake, fundi aliyekwisha kufunga mabomba kwa namna anayoipenda, na mwenzake anayejua wakili yupi hacheleweshi karatasi. Akirudi Roma anasimulia. Shemeji anakuja likizo, mwaka unaofuata anakuja na rafiki, wa tatu anafungua mkahawa. Kufikia miaka ya 1980 watalii wa Kiitaliano walikuwa wakishushwa Mombasa kwa ndege za kukodi na kupandishwa mabasi ya kwenda Malindi, kwa sababu uwanja wa Malindi una njia ya kurukia ya mita 1,400 tu na ndege kubwa haiwezi kutua hapo. Watu wa biashara wakafuata. Flavio Briatore, yule wa mbio za magari za Formula 1, naye alifungua hoteli Malindi.

Lakini mgeni hawezi kuhamia mji usio na kitu cha kununua, na hapa ndipo hadithi inapokuwa chungu kidogo. Mji ulikuwa umekwisha kuzoea wazungu wa likizo. Hoteli ya Lawford's ilifunguliwa mwaka 1934, ikipokea masetla walioshuka kutoka nyanda za juu. Zama hizo wazungu wengi waliamini kwamba kukaa muda mrefu mahali pa juu kwenye jua la ikweta kunaharibu neva, na dawa yake ni kuteremka baharini. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, baadhi yao waliuza wakaondoka.

Na ardhi yenyewe? Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliusimamia kuanzia 1895. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya kumtaka kila mwenye dai la ardhi ukandani alete ushahidi apewe hati. Waliojua ofisi na karatasi, wengi wao Waarabu, Waswahili na Wahindi, walipata. Mijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na mpaka wake ukijulikana kwa mti na kwa kaburi la babu, wengi hawakupata kitu. Sehemu kubwa iliyobaki ikahesabiwa kuwa ya serikali, na wao wakaitwa maskwota. Ndiyo maana zaidi ya nusu karne baadaye mtu wa Milano aliweza kuingia kwa wakili na kutoka na ploti ya ufuoni yenye hati safi, huku familia inayoishi juu ya ploti hiyo haina hata risiti. Mimi sioni kama kosa ni la mstaafu aliyeuza nyumba yake Ulaya akalipa pesa halali. Hata hivyo, ukiisikia habari ya bomoabomoa Kilifi au Malindi, anza kuitafuta chanzo chake mwaka 1908.

Sheria ya leo ni kali zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodisha, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Waliokuwa na hati za milele au za miaka 999 walijikuta na 99. Ujanja wa zamani wa kununua kwa jina la kampuni nao ulizibwa, kwani kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu wenye hisa wote ni raia. Na tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016, ploti za mstari wa kwanza na wa pili kutoka baharini haziuzwi kwa mgeni bila idhini ya waziri.

Kibali cha kukaa ni jambo jingine. Wastaafu hutumia cha daraja K: uwe na miaka 35 au zaidi, uwe na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, na usifanye kazi ya kulipwa nchini. Pensheni ya Ulaya inaweza kufikia hapo, na pesa hizo, ambazo Milano zinaishia kwenye kodi ya nyumba na gesi ya kupashia joto, Malindi zinalipa mpishi, mtunza bustani na askari wa usiku.

Kisha inakuja Mei. Anayekuja kutalii Januari anaona anga safi na kaskazi inayopuliza taratibu. Anayehamia anayaona pia masika: mvua za Aprili hadi Juni, kusi inayoleta mawimbi makubwa na kutupa mwani ufuoni, hoteli zilizofungwa, mji mtupu. Chumvi ya hewa inakula bawaba, jiko la gesi, na ndani ya kompyuta. Halafu makuti. Jani la mnazi hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa, kuti moja baada ya jingine, na paa moja kubwa huchukua maelfu. Linapendeza na linapoza nyumba kuliko bati, ila baada ya miaka michache linaoza, linavuja, na fundi anarudi na hesabu mpya. Moto ukishika, kwa upepo ule wa Pwani, nyumba tatu za jirani huenda pamoja. Daktari bingwa yuko Mombasa. Wapo walioyaweza haya kwa miaka thelathini. Wapo walioyashindwa mwaka wa kwanza.

Idadi ya Waitaliano imepungua tangu enzi zile. Ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, mgogoro wa uchumi wa Ulaya, maonyo ya ugaidi, kisha korona, kila moja liliondoka na lake.

Wimbi la sasa linatoka Nairobi, na halikufuata roketi wala shemeji. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria katikati ya 2017 na inatumia saa tano hivi kutoka Nairobi hadi Mombasa. Mwaka 2020 ofisi zilipofungwa, wageni wa mashirika na kampuni za Nairobi waligundua kwamba mkutano wa Jumatatu unaweza kuhudhuriwa kutoka barazani Kilifi, Watamu au Diani, na baadhi yao hawakurudi. Mwaka 2024 serikali ikaongeza kibali cha daraja N kwa wanaofanya kazi za nje kwa mtandao. Hawa hawanunui, wanapanga. Kwao miaka 99 si neno, wanachouliza ni umeme unapotea mara ngapi kwa wiki na kama kisima kina maji ya chumvi. Mwenye nyumba wa Bofa, ufuoni Kilifi, ambaye kodi yake sasa inaweza kulipwa kwa dola, anajua kuhesabu. Mwalimu wa shule ya msingi anayelipwa kwa shilingi naye anajua kuhesabu, na hesabu yake inampeleka Tezo au Mtondia, mbali na bahari, na nauli ya boda juu.