Ukinzani wa hewa: kwa nini vumbi hujaa nyuma ya basi

Litazame basi lililopita barabara ya murramu, tuseme huko Karamoja, likiingia stendi. Kioo cha mbele bado kinaonyesha. Cha nyuma kimefunikwa udongo mwekundu, ukitaka unaandika jina lako kwa kidole. Basi lilikuwa linalikimbia vumbi. Mbona limelidandia mgongoni?

Sababu ndiyo hiyohiyo inayozaa sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukizuia nayo kitu kinachopita ndani yake. Hewa ina uzito: usawa wa bahari, mita moja ya ujazo hukaribia kilo 1.2, na Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Wengi hudhani kazi yote iko mbele, pale hewa inapogongwa. Lakini hewa hiyo ikishateleza ubavuni hufika nyuma na kukuta bodi imekatwa ghafla kama sanduku. Haiwezi kukunja kona kali namna hiyo, basi hujitenga na bodi na kubaki ikizunguka ovyo. Hapo mgandamizo wake hushuka kuliko ule wa mbele. Gari linasukumwa usoni, linavutwa mgongoni, na vumbi hunyonywa humohumo.

Mtazame sangara wa Ziwa Viktoria. Unene wake uko upande wa kichwani, kisha mwili unapungua polepole hadi mkiani, maji yasipate pa kuvurugika. Bawa la ndege ya abiria, ukilikata upande, lina umbo la jamii hiyo: mviringo mbele, wembamba nyuma. Sisi tungekimbilia kuchonga ncha ya mbele.

Mwendo nao hauna huruma: ukiongezeka mara mbili, ukinzani huwa mara nne. Mwulize bodaboda aliyebeba godoro. Kwenye foleni, kilomita 20 kwa saa, ni mzigo tu. Akifika 60 kwenye barabara ya Entebbe, ukinzani umekuwa mara tisa na godoro limegeuka tanga. (Upepo wa ubavuni ni balaa jingine kabisa.)

Ukimwona asiye na abiria amelaza kifua juu ya tangi, si mbwembwe tupu; amepunguza eneo linalopigwa na upepo. Mafuta anayookoa hapo, hata hivyo, huyamaliza kwa kuongeza mwendo.