Mikopo ya nje ya bajeti: New York ilivyomkwepa mpigakura

Katiba ya jimbo la New York, Marekani, inazuia serikali ya jimbo kukopa kwa dhamana yake kamili mpaka wananchi wakubali kwa kura. Katazo hilo lina asili yake katika katiba ya mwaka 1846. Pamoja na hayo, zaidi ya asilimia 90 ya deni linalohudumiwa na jimbo leo limekopwa na mamlaka za umma, yaani mashirika ya jimbo yanayokopa kwa majina yao, bila mpigakura kuulizwa lolote. Hiyo ndiyo mikopo ya nje ya bajeti, na dhana zifuatazo kuihusu zinahitaji kupimwa.

Dhana: Serikali hukopa nje ya bajeti kwa sababu imeishiwa.

New York ya miaka ya 1960 ilikuwa tajiri. Gavana Nelson Rockefeller alitaka nyumba za bei nafuu, lakini kila hoja ya kukopea makazi ilipopelekwa kwenye sanduku la kura, wananchi walikuwa wagumu kukubali. Hapo ndipo alipoingia John Mitchell, mwanasheria wa hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji (ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Rais Nixon, kisha akafungwa kwa kashfa ya Watergate). Ufumbuzi wake ulikuwa wa kisheria tu. Wakala wa makazi ulioundwa mwaka 1960 ungekopa kwa jina lake wenyewe. Jimbo lisingeahidi kulipa. Sheria ingesema tu kwamba mfuko wa akiba wa wakala ukipungua, bunge linaweza kuujazia. Kwa kuwa hakuna ahadi, hakuna deni la jimbo. Kwa kuwa hakuna deni, kura ya nini? Wanunuzi wa hatifungani walielewa vizuri kwamba bunge lisingethubutu kuwatupa, wakatoa pesa zao.

Dhana: Deni ni la mamlaka, mlipakodi halimhusu.

Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Maendeleo ya Miji, ambalo miongoni mwa kazi zake ni makazi ya Roosevelt Island, kisiwa cha jijini New York. Liliendelea kukopa huku miradi mingi ikiwa haijaanza kuingiza kodi ya pango. Tarehe 25 Februari 1975 likashindwa kulipa zaidi ya dola milioni 100 zilizoiva. Bunge likalazimika kutenga fedha za jimbo kulikwamua, yaani kodi za wale wale ambao hawakuulizwa.

Si kila mara mzigo humwangukia mlipakodi. Katika jimbo la Washington, mwaka 1983, mamlaka iliyokuwa ikijenga vinu vya nyuklia ilishindwa kulipa dola bilioni 2.25, na safari hiyo walioumia zaidi ni walionunua hatifungani.

Dhana: Huu ni wizi mtupu.

Afadhali ungekuwa wizi, mwizi hushtakiwa. Mwaka 1991, bajeti ya New York ikiwa na pengo, jimbo liliuza gereza la Attica. Mnunuzi? Shirika lile lile la Maendeleo ya Miji, mali ya jimbo lenyewe. Shirika likakopa, likalilipa jimbo dola milioni 200, kisha jimbo likalipanga gereza lake na kuanza kulipa pango. Wafungwa walibaki selo zile zile. Kwenye vitabu vya mwaka ule zikaonekana milioni 200 za mapato, ilhali malipo ya miaka iliyofuata, pamoja na riba, yalikadiriwa kupita mara mbili ya fedha hizo. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Dhana: Basi mikopo yote ya namna hii ni mibaya.

La. Mikopo ya Daraja la Triborough la jijini New York, lililofunguliwa mwaka 1936, ililipwa kwa ushuru wa wanaolivuka, si kwa kodi ya mkulima wa mbali. Mamlaka ya maji ya Tanga nayo iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, ikitegemea ankara za wateja wake. Cha kuuliza ni nani hasa anayelipa: mtumiaji, au bajeti ya jimbo kwa mlango wa nyuma?

Hata hivyo ushuru nao huleta kiburi chake. Robert Moses, bosi wa mamlaka ya Triborough hadi 1968, alitumia ziada yake kukopea miradi mingine kabla deni la kwanza halijaisha, na madereva wanalipa mpaka leo. Aligombea uchaguzi mara moja tu, ugavana wa mwaka 1934, akashindwa vibaya.